Mshambuliaji wa magongo na kocha mgeni

Msomaji wa Pwani akitajiwa Marani huenda akauliza ni wapi huko. Marani ni mji mdogo ulioko kaskazini ya Kisii, katika nchi ya Wagusii, nchi ya vilima, udongo mwekundu, migomba na mashamba ya chai. Mvua hunyesha huko karibu mwaka mzima. Watu ni wengi na ardhi ni haba, na kila kipande kilicho tambarare kina mwenyewe, tena kina mmea. Kwa hivyo mahali penye nafasi ya kukimbia mara nyingi ni uwanja wa shule, na kupata uwanja usio na mteremko ni bahati.

Ajabu ni kwamba katika nchi kama hiyo vijana wanaweza kukutana na mchezo ambao wengi wetu huuhesabu kuwa ni wa vilabu vya mjini, nao ni mpira wa magongo. Magongo ni mmoja wa michezo rasmi ya mashindano ya shule za sekondari nchini Kenya. Timu huanza mitaani, hupanda hadi kaunti, kisha hadi jimbo la Nyanza, na yenye nguvu hufika mashindano ya taifa na hata ya Afrika Mashariki. Mtoto wa Marani ambaye hajapata kuiona bahari anaweza, kwa fimbo moja na mpira mmoja, kufika mbali kuliko baba yake alivyopata kufika.

Lakini mchezo huu una mlango mwembamba, na anayesimama mlangoni ni mchezaji wa mbele. Makala haya yanamhusu yeye, na yanamhusu mtu wa pili ambaye mara nyingi husahauliwa siku ya ushindi, yaani kocha.

MCHEZO WENYEWE

Sisi wa Pwani fimbo si kitu kigeni kwetu. Nani asiyejua kirumbizi cha Lamu, watu wawili wakiingia kati kwa fimbo, ngoma na zumari zikilia, watazamaji wamezunguka? Anayejua kirumbizi anajua pia kwamba aliyetulia humshinda aliye na nguvu. Mwenye papara hupiga hewa, na mwenye utulivu husubiri mkono wa mwenzake.

Magongo ni hivyo hivyo. Timu huwa na watu 11 kila upande. Uwanja una urefu wa mita 91.4 na upana wa mita 55. Mpira ni mgumu kama jiwe, uzito wake kati ya gramu 156 na 163, na ukikupata mfupa wa mguu utakumbuka. Gongo lina upande mmoja bapa, nao ni wa kushoto. Ni marufuku kuugusa mpira kwa mgongo wa gongo. Hakuna gongo la mashoto, wote huanza sawa. Mkono wa kushoto hushika juu na kuligeuza gongo, na wa kulia hushika chini na kusukuma. Mechi siku hizi huwa na robo nne za dakika 15 kila moja.

Sasa sikiliza jambo lililo kubwa kwa mshambuliaji. Katika kandanda mtu anaweza kupiga kutoka popote na bao likahesabiwa. Katika magongo sivyo. Mbele ya lango pamechorwa duara lenye kiasi cha mita 14.63, na bao halihesabiwi ila mpira uwe umeguswa na mshambuliaji ndani ya duara hilo. Lango lenyewe ni dogo, upana mita 3.66 na kimo mita 2.14, na ndani yake amesimama mlinda mlango aliyevaa magamba kama kobe. Kazi yote ya timu, mbio zote za walinzi na viungo, huishia katika kipande hicho kidogo. Mtu mmoja hupewa mpira humo, naye ana muda wa kupumua mara moja tu. Akisita, gongo la adui limekwisha kufika.

Basi si ajabu kwamba vijana wengi wenye mbio na wenye akili ya mchezo huharibikiwa wakifika hapo.

UGONJWA WA KUSITA

Tumchukue kijana mmoja kwa mfano tu, wala si mtu fulani. Tuseme ana miaka 16, anasoma kidato cha pili mahali kama Marani. Kwenye mazoezi hashikiki. Siku ya mechi, wazazi na wanafunzi wakiwa wamepanga mstari kando ya uwanja, huwa mtu mwingine kabisa. Akipata mpira ndani ya duara humtafuta wa kumpa. Akikosa wa kumpa hupiga akiwa amefumba macho. Mara tatu akikosa, huanza kurudi nyuma, akidai anawasaidia walinzi. Kwa hakika anajificha. Mchezaji hujificha uwanjani mbele ya macho ya watu wote, na wasiojua husema, "Leo mpira haukumfikia."

Kocha wa kwanza wa kijana huyu huenda alikuwa mwalimu mwenye nia njema. Dawa yake ilikuwa sauti. Akikosa, anapigiwa kelele. Akikosa tena, anatolewa. Kijana akajifunza somo moja, nalo ni kwamba kukosa ni kosa, na asiyepiga hakosi. Hilo ni somo la sumu kwa mshambuliaji.

Kisha anakuja kocha mgeni. Afanye nini?

Wanaoujua mchezo huu wanakubaliana kwamba imani ya mchezaji haiji kwa hotuba. Huja kwa kazi ndogo iliyo wazi, inayorudiwa mpaka mkono uijue kabla ya kichwa. Kocha mwenye busara hamwambii kijana, "Jiamini." Humwambia, "Ukipokea mpira ndani ya duara, usiugonge mara tatu. Mguso wa kwanza uweke mbele ya mguu wa kulia, wa pili piga. Chini, pembeni mwa lango." Humpa mipira 20 kila jioni afanye hivyo tu. Kisha humhesabia mapigo yaliyoelekea langoni, yaliyoingia na yaliyozuiwa, kwani mpira uliozuiwa ukirudi huzaa bao la mwenzake. Kijana aliyezoea kupimwa kwa mabao hupimwa sasa kwa kazi. Akimaliza mechi bila bao lakini amepiga mara tano kuelekea langoni, anaambiwa mbele ya wenzake kwamba amefanya alilotumwa.

Jambo la pili ni kumwacha uwanjani baada ya kukosa. Hili ni dogo kulitaja na gumu kulitenda, hasa timu ikiwa nyuma kwa bao moja na mwalimu mkuu anatazama. Kocha anayemwacha kijana baada ya kosa humwambia bila maneno kwamba nafasi yake haikatiki kwa kamba moja.

Jambo la tatu ni adabu ya sauti. Makosa husemwa faraghani, sifa husemwa hadharani. Sisi tuliosoma vyuoni twajua tofauti ya mwalimu aliyetutia hofu na aliyetutia hamu. Kwa wa kwanza tulihifadhi kwa kuogopa bakora na tukasahau. Kwa wa pili tulihifadhi na bado tunayo.

MSICHANA WA SHAHABAD

Mambo haya si nadharia tupu. Katika mji wa Shahabad, jimbo la Haryana huko India, alizaliwa mwaka 1994 msichana aitwaye Rani Rampal. Baba yake alikuwa mvuta mkokoteni. Rani amesimulia mwenyewe jinsi alivyoanza kufanya mazoezi na gongo lililovunjika, na jinsi kila mchezaji alivyotakiwa aje na nusu lita ya maziwa. Kwao walikuwa na uwezo wa maziwa kidogo tu, akawa anayaongeza maji ili asikose kucheza.

Kocha wa mji huo, Baldev Singh, mwanzoni hakumkubali. Alimwona mwili wake ni dhaifu. Msichana hakuchoka kuomba, na kocha alipomkubali alimlea kwa nidhamu ya saa na ya kazi. Mwaka 2008, akiwa na miaka 14 bado haijatimia, Rani aliichezea India. Mwaka 2010, akiwa na miaka 15, alicheza Kombe la Dunia huko Rosario, Argentina, akafunga mabao 7.

Tazama vizuri hapo. Kocha yule hakumpa Rani mbio wala kipaji, vyote alikuwa navyo. Alimpa mahali pa kuvitumia na mtu wa kumkagua kila siku. Mtoto wa maskini huhitaji hayo kabla ya kitu kingine chochote.

Miaka 11 baadaye Rani alikuwa nahodha wa India kwenye Olimpiki ya Tokyo, iliyochezwa mwaka 2021. Kocha wao alikuwa Mholanzi, Sjoerd Marijne. Timu ilishindwa mechi tatu za kwanza mfululizo: 5-1 na Uholanzi, 2-0 na Ujerumani, 4-1 na Uingereza. Wengi walikwisha kuwafungia virago. Mechi ya nne ilikuwa na Ireland, na ilikuwa lazima washinde. Washambuliaji wa India walikosa, wakakosa, wakakosa tena. Muda ulibaki dakika tatu tu. Wangekuwa timu ya kujificha, wangejificha hapo. Hawakujificha. Dakika ya 57 Navneet Kaur aliuelekeza mpira wavuni, wakashinda 1-0. Siku iliyofuata Vandana Katariya aliifunga Afrika Kusini mabao matatu peke yake, India ikashinda 4-3, akawa mwanamke wa kwanza wa India kufunga matatu katika mechi moja ya Olimpiki. Kisha wakaitoa Australia kwa bao moja, wakamaliza wa nne. Medali hawakupata, lakini hakuna aliyewaita walioshindwa.

KENYA ILIPOKUWA KENYA

Vijana wa leo hawajui kwamba Kenya nayo iliwahi kuogopwa katika mchezo huu. Iliingia Olimpiki mara ya kwanza mwaka 1956. Mwaka 1964 huko Tokyo ilimaliza ya sita. Mwaka 1971, Kombe la Dunia la kwanza lilipochezwa Barcelona kwa timu 10, Kenya ilimaliza ya nne, ikashindwa na India 2-1 katika kugombea nafasi ya tatu. Kombe lenyewe lilichukuliwa na Pakistan, ambayo mpaka leo imelichukua mara nne.

Timu zile za Kenya zilijaa Masingasinga na Magoa, waliozaliwa na kulelewa katika vilabu vya jumuiya zao. Jina lililovuma kuliko yote ni la Avtar Singh Sohal, mlinzi aliyecheza Olimpiki nne, kuanzia Roma mwaka 1960 hadi Munich mwaka 1972, na baadaye akawa kocha wa timu ya taifa. Wengi wa kizazi kile walihamia Uingereza na Kanada. Kenya ilirudi Olimpiki mwaka 1984 na mwaka 1988, na tangu hapo haijarudi.

Mambo mawili yaliiacha nyuma. La kwanza ni zulia. Tangu Olimpiki ya Montreal mwaka 1976 mchezo wa kimataifa ulihamia kwenye nyasi za bandia, ambako mpira hukimbia kwa kasi nyingine kabisa, na nyasi hizo ni ghali. La pili ni kwamba waliozoea kulea watoto katika mchezo, yaani vilabu, walipungua, na kazi hiyo ikaangukia shule. Leo magongo ya Kenya yanalishwa na shule za magharibi. Friends Kamusinga ya Bungoma na Musingu ya Kakamega zina jina. Kwa wasichana kuna Tigoi ya Vihiga, Sinyolo ya Kisumu, na Nyamira Girls, ambayo licha ya jina lake iko Siaya, wala si katika kaunti ya Nyamira iliyo jirani na Kisii. Klabu ya Butali Warriors imetokana na kiwanda cha sukari cha huko huko magharibi. Nayo timu ya wanawake ya Telkom, chini ya kocha Jos Openda, ilichukua mara nyingi kombe la vilabu bingwa vya Afrika. Ufadhili ulipokatika, wachezaji hawakutawanyika, waliendelea kwa jina la Blazers. Hapo utaona tena kwamba timu hushikwa na mtu zaidi ya inavyoshikwa na fedha.

Lakini ukweli usemwe. Mwaka 2022, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola huko Birmingham, wanawake wa Kenya walifungwa na New Zealand 16-0. Na ndugu zetu wa Tanzania walioitwa Moscow mwaka 1980, nchi nyingi zilipogoma, walifungwa na India 18-0. Hakuna aibu katika kwenda. Aibu ni kutoka huko na kumwambia mtoto kwamba mchezo huu si wetu. Mwaka huo huo wa 1980, mjini Moscow, wanawake wa Zimbabwe walikusanywa haraka haraka, hawakuwa wamezoea zulia, na walichukua dhahabu bila kushindwa mechi hata moja.

WAGUSII SI WAGENI WA USHUJAA

Huko Kisii mpira wa miguu ndio mfalme. Shabana, timu iliyoanzishwa mwaka 1980 na kupewa jina la duka la vifaa vya ujenzi, iliporejea ligi kuu mwaka 2023 mji mzima ulitoka nje. Mtoto anayechagua gongo badala ya kandanda huchagua njia yenye watazamaji wachache.

Lakini nchi hiyo ina kumbukumbu ya watu waliokwenda peke yao. Nyantika Maiyoro, mkimbiaji wa Gusii, alipopelekwa Madagaska mwaka 1949, mbio zilianza yeye hajawa tayari. Wenzake walikwisha kumwacha kwa masafa, naye akawafuata, akawapita, akashinda. Naftali Temu, naye wa huko huko, ndiye Mkenya wa kwanza kupata dhahabu ya Olimpiki, katika mbio za mita 10,000 huko Mexico mwaka 1968. Kocha wa Marani anayetaka kumpa kijana wake mfano hana haja ya kwenda mbali.

KOCHA AKIHAMA

Sasa tufike penye donda. Kocha wa shule ni mwalimu, na mwalimu huhamishwa. Kijana wetu wa mfano ameanza kupona. Ameacha kurudi nyuma, anaomba mpira kwa sauti, akikosa anatabasamu na kurudi mahali pake. Kisha siku moja barua inafika, na mwalimu anakwenda kaunti nyingine. Magongo yanafungiwa stoo. Mwaka unaofuata shule haipeleki timu. Hakuna aliyefanya ubaya, lakini mtoto mmoja ameibiwa mlango.

Dawa ipo, na haihitaji mamilioni. Kwanza, kocha asiwe mmoja. Kila mwalimu mwenye timu awe na msaidizi, akiwamo mwanafunzi aliyemaliza shule na yuko nyumbani, ambaye anaujua mchezo na anahitaji kazi ya heshima. Pili, kazi iandikwe. Daftari la mazoezi, lenye jina la kila mchezaji na alichotumwa kufanya, ni amana. Kocha mpya akilikuta, haanzi na kelele, anaanza na ukurasa wa mwisho. Tatu, wazazi waonyeshwe mchezo. Mzazi asiyejua duara ni nini hawezi kuelewa kwa nini mtoto wake analia kwa kukosa bao.

La nne ni uwanja. Mwezi wa Januari mwaka 2024 Maskati, mji ambao watu wengi wa Pwani wana jamaa zao huko, ulikuwa mwenyeji wa Kombe la Dunia la kwanza la magongo ya watu watano, na timu ya wanaume ya Kenya ilikuwamo. Mchezo huu wa watano, mlinda mlango akiwa mmoja wao, huchezwa kwenye uwanja mdogo zaidi ya nusu, na mshambuliaji haambiwi asubiri mpaka aingie duara. Kila mtoto huugusa mpira mara nyingi, na kila mtoto hupiga langoni. Kwa nchi ya vilima kama Marani, ambako kupata mita 91 za ardhi iliyonyooka ni shida, huu ni mlango uliofunguliwa. Hata kwetu, nyuma ya shule nyingi za Pwani kuna kiwanja cha kiasi hicho kilichokaa bure.

Na kwa wasichana wetu wa Pwani, ambao wazazi wao huuliza kwanza habari ya stara, jibu lipo karibu. Golikipa wa magongo amefunikwa mwili mzima, na wapo wachezaji wa Kiislamu wa Malaysia wanaocheza mechi za kimataifa wakiwa na hijabu, wamevaa suruali ndefu chini ya sketi. Suala hilo halina haja ya kumzuia mtoto mwenye kipaji.

Mzazi au mwalimu anayesoma haya huenda hana gongo wala zulia. Lakini kila mmoja wetu ana kijana anayejificha mahali fulani, darasani, dukani, au kwenye uwanja. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi, na wengi hudhani maana yake ni kumpinda kwa nguvu. Mvuvi anajua kwamba samaki mbichi hukunjwa kwa mkono wa taratibu, na ukimvuta kwa ghafula anavunjika. Mpe kazi moja ndogo leo, mhesabie alichokifanya, na kesho mpe tena.